Kosa la Kutofika

"Unapita Bissonnet?"

Aliniuliza hivyo kabla hajagusa mlango wa gari. Jumapili asubuhi, mvua ya Houston inamwagika kama imetumwa, na mzee amesimama kituo cha basi na suti yake ya kijivu, viatu kavifunga kwenye mifuko ya plastiki.

Nilisimama kwa kuwa tunasali kanisa moja na tunaishi jengo moja. Nikamjibu ndiyo, hiyo ndiyo njia yangu ya siku zote, kwani kuna nini? Akarudi nyuma hatua moja.

"Basi we enda tu, dada. Mi nitangoja basi."

Nikamwambia nitakatiza mitaa ya ndani. Ndipo akaingia, si mbele bali nyuma, akajishusha kwenye kiti mpaka nikitazama kwenye kioo naona kofia tu. Kila tulipokuta taa nyekundu aliuliza, "Kuna gari ya polisi?"

Huyu mzee hakuiba. Hakumpiga mtu. Stika ya usajili wa gari lake ilikuwa imekwisha muda, na bima ilikuwa imekatika.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki nyingi sasa, na nimeona afadhali niliandike.

Karatasi ndani ya Biblia

Jengoni kwetu kila mtu humwita Papa, nami nitamwita hivyo hivyo. Ametoka Uvira, Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hadi watoto wake wakubwa wakazaliwa na kusoma huko. Mimi ni mtu wa Kasulu, Tanzania, jirani na kambi hiyo. Siku tuliyofahamiana aliniuliza bei ya dagaa sokoni kwetu, na tangu hapo nimekuwa msomaji wake wa barua.

Ila hizi hakuwa amenionyesha. Baada ya ibada alizitoa kwenye Biblia, zimekunjwa mara nne, akazitandaza kwenye boneti ya gari langu huku akitazama huku na huku.

"Hii ni ya kweli ao ni bongo?" Kwao bongo ni uongo.

Nilisoma. Barua haikutoka mahakamani. Ilitoka kwa kampuni ya mawakili wa kudai madeni, ina nembo kubwa, namba ya kupiga bila malipo, na mistari ya herufi nzito ikisema kuna waranti ya kukamatwa kwa jina lake, alipe haraka. Jumla ilikuwa inakaribia dola 1,500. Nikatafuta tiketi zenyewe. Alikuwa nazo pia, karatasi mbili nyembamba za mashine, wino umeanza kufifia.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Alisimamishwa akitoka zamu ya usiku. Askari alikuwa mpole, akaandika, akampa asaini, akamwambia usiku mwema. Papa akasaini na kurudi nyumbani akijua yameisha. Anakotoka, ukishamalizana na askari barabarani umemalizana naye.

Texas sahihi ile haimalizi chochote. Maana yake umeahidi kufika mahakamani kufikia tarehe iliyoandikwa pale chini. Usipofika, lile la kutofika linakuwa kosa jipya, lenye faini yake hadi dola 500, na hakimu anaweza kutoa waranti. Tiketi mbili zikawa makosa manne. Katikati hapo Papa akahama nyumba, barua za mahakama zikaenda kwa mpangaji mwingine. Muda ukapita, deni likapelekwa kwa wakusanyaji. Sheria ya Texas inaruhusu mahakama kuongeza asilimia 30 juu ya deni lililochelewa zaidi ya siku 60, ya kuwalipa hao mawakili wa kudai. Mtu aliyeshindwa kulipa mia anatakiwa alipe mia na thelathini.

Simu ya uongo, barua ya kweli

Swali lake la bongo halikuwa la kijinga hata kidogo.

Jengo letu linapigiwa simu kila mara na watu wanaojifanya maofisa wa sherifu. Sauti nzito, Kiingereza cha haraka, wanajua jina lako na mtaa wako. Wanasema una waranti, askari wako njiani, nenda dukani sasa hivi ununue kadi za zawadi utusomee namba za nyuma. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alizisoma. Pesa ya kodi ya mwezi ikayeyuka hivyo, amesimama katikati ya duka na simu sikioni.

Baada ya tukio hilo jengo zima lilifundishana: ukisikia waranti na pesa kwenye sentensi moja, ni matapeli. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliofundisha hivyo, na fundisho lenyewe ni sahihi. Mahakama haipigi simu kudai kadi za zawadi.

Sasa inakuja barua ya kampuni usiyoijua, inadai pesa, inatisha kwa waranti. Papa akafanya kama tulivyofundishana. Akaikunja mara nne.

Kilichomtoa usingizini ni mwenzake wa kazini. Alisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, askari akaingiza jina kwenye kompyuta, akarudi na pingu. Alitoka siku ya tatu, akakuta nafasi yake ghalani imechukuliwa na mtu mwingine. Ndipo Papa akaliegesha gari chini ya mti na kuanza kuamka saa tisa usiku ili awahi mabasi mawili.

Waliozaliwa Januari mosi

Miji mingi ya Texas ina ukurasa wa intaneti wa kutafuta waranti. Unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, inakuletea orodha.

Tulikaa mezani kwake na simu yangu. Majina ya Papa ni matatu, na kila ofisi imeyapanga itakavyo. Kwenye leseni jina la ukoo liko mwisho, kwenye karatasi za wakimbizi liko mwanzo, na yule askari wa usiku aliruka moja kabisa. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1. Ya mkewe pia Januari 1, na ya shemeji yake vilevile. Wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa waliandikiwa hivyo, na ukiingia kanisani kwetu siku ya mwaka mpya unakuta nusu ya watu wana bethidei.

Kwa mpangilio wa kwanza wa majina hakikutokea kitu, na mkewe akapiga vigelegele. Mpangilio wa tatu ukazileta zote nne, na mbele ya kila moja neno hai. Vigelegele vikaishia hapo.

Papa aliusogelea mwanga wa simu, akasoma jina lake lililokosewa kwa sauti ya chini, silabi moja moja. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililoninyima raha: "Kama sina pesa, nikienda pale nitawaambia nini?"

Faini au jela

Nyumbani tumelelewa na sentensi moja ya taarifa ya habari: amehukumiwa kulipa faini ya shilingi kadhaa au kwenda jela miezi kadhaa. Hatushangai tena. Machi 2020, mahakama ya Kisutu ilipowatoza Freeman Mbowe na wenzake wa Chadema faini ya jumla ya shilingi milioni 350 au kifungo cha miezi mitano, watu walichangishana kwa simu hadi wakatoka. Uipende siasa yao usiipende, kila mtu alielewa bila kufafanuliwa: pesa ikipatikana mlango unafunguliwa.

Marekani kwenye karatasi haiko hivyo. Na kinachonifurahisha, kama kufurahi ndilo neno, ni kwamba kesi iliyobadilisha mambo ilitoka hapa hapa Houston. Preston Tate alikuwa na makosa tisa ya barabarani, faini jumla dola 425. Hakuwa nazo. Akapelekwa kwenye shamba la gereza la mji afute deni kwa dola tano kwa siku, yaani siku 85. Kosa lenyewe kisheria halikuwa na kifungo, adhabu yake ilikuwa faini tu. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema haiwezekani: huwezi kuigeuza faini kuwa jela kwa mtu ambaye hana cha kulipia.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1983, ikaja kesi ya Danny Bearden wa Georgia. Alitakiwa kulipa dola 750, faini na fidia kwa pamoja. Akakopa kwa wazazi wake, akapeleka 200. Kisha akaachishwa kazi. Alikuwa hajui kusoma, kila alikoomba kazi alikosa, akaitaarifu ofisi iliyokuwa ikimsimamia kwamba atachelewa. Wakamfunga. Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba kabla ya kumfunga mtu kwa kutolipa, mahakama lazima kwanza iulize kwa nini hakulipa. Kama ana pesa na amekataa, hilo ni jambo moja. Kama alijitahidi akakosa, tafuta adhabu nyingine.

Nilivyosoma hayo nilipumua. Kisha nikakwama.

Maana mwenzake Papa alilala ndani juzi juzi tu, zaidi ya miaka 50 baada ya Tate.

Swali linaloulizwa kwa aliyefika

Ilinichukua muda kuona mlango uko wapi. Sheria inamtaka hakimu aulize. Lakini hakimu anamuuliza nani? Anamuuliza aliyesimama mbele yake. Asiyekuja haulizwi.

Na waranti nyingi za namna hii kwenye karatasi hazisemi mtu hakulipa. Zinasema hakufika. Ipo ile ya baada ya hukumu, wanaiita capias pro fine, hiyo ndiyo ya kutolipa hasa. Ya kutofika inakuja mapema zaidi, kabla hujahukumiwa, kabla hujafungua kinywa. Humo hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu alikosa pesa.

Sasa jiulize kwa nini mtu hafiki. Papa hakufika kwa kuwa hakuelewa. Wengi niliokuja kuongea nao jengoni walielewa vizuri sana, na ndiyo maana hawakwenda. Hawakuwa na pesa, na wakaona kwenda mahakamani mikono mitupu ni kujipeleka. Umaskini wao wote ukaingia kwenye faili ukiwa na jina jingine: mkaidi, hakutii wito.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Nikaisoma tena ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu Ferguson, Missouri, ya Machi 2015. Wengi tunaikumbuka Ferguson kwa kijana aliyepigwa risasi na polisi, na kwa maandamano yaliyofuata. Ripoti ina kurasa nyingi kuhusu mahakama ya mji. Mji wa watu kama 21,000, na kufikia Desemba 2014 watu zaidi ya 16,000 walikuwa na waranti hai pale, wakiwemo wapita njia wa miji jirani. Kuna mwanamke mmoja humo, hajatajwa jina. Mwaka 2007 aliegesha gari vibaya, akapata tiketi mbili, dola 151 na ada zake. Akashikwa na shida za maisha, akakosa tarehe, zikaongezeka za kutofika. Akakamatwa mara mbili, akalala ndani siku sita. Akalipa jumla dola 550. Mwishoni mwa 2014 alikuwa bado anadaiwa 541.

Agosti 2015 hakimu mpya wa pale alizifuta waranti zote zilizotolewa kabla ya mwisho wa 2014. Sahihi moja, maelfu ya watu wakaweza kupita barabarani. Najiuliza zilikuwa zinalinda nini kama zinaweza kufutwa namna hiyo na mji usianguke.

Nimwambie aende?

Kusoma ni rahisi. Kumwambia mzee wa watu, mwenye presha na watoto wanne, "Papa, nenda mwenyewe kwenye jengo lililojaa askari, umeze woga, useme mimi ndiye mnayenitafuta", hilo lilinitoa jasho.

Nilijua sheria ya Texas ilibadilika Septemba 2017. Inasema mtu akijileta mwenyewe mahakamani kwa nia njema ya kulimaliza jambo lake, hakimu aiondoe waranti ya kutofika. Inasema capias pro fine isitolewe kabla mtu hajaitwa kusikilizwa kuhusu uwezo wake. Inataka hata tiketi yenyewe iwe na maelezo kwamba ukishindwa kulipa kuna njia nyingine. Nikageuza tiketi ya Papa: kweli yapo, nyuma, kwa maandishi ya kusomwa na chungu.

Lakini mimi si wakili. Na kwenye makosa haya ya faini tu, serikali haikupi wakili wa bure. Halafu hapa hapa Texas ndiko ilikotoka kesi ya mama wa Lago Vista aliyesimamishwa akiwa na wanawe wadogo garini, akatiwa pingu kwa sababu ya mkanda wa gari, kosa ambalo faini yake haikuzidi dola 50. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ikasema askari alikuwa na haki, kura tano kwa nne. Kwa hiyo mtu akiniambia eti hapa hawakamati kwa vitu vidogo, nacheka.

Mkewe alikuwa upande wa kutokwenda. Hoja yake ilikuwa nzito: "Sasa hivi anatoka, anarudi. Akienda huko, nani anajua?" Mtoto mkubwa, anayesoma hapa, alitaka walipe kwa kadi ya mkopo yaishe. Dola 1,500 kwa riba ya kadi, kwa familia iliyokuwa inahesabu siku za unga. Nilimsihi asifanye hivyo, akanikasirikia.

Na kulikuwa na hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Papa anangoja kuomba uraia. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au hata kuandikiwa tiketi na askari. Kwao mahakama na uhamiaji ni nyumba moja yenye milango miwili.

Mwishowe nilimpata wakili wa msaada wa kisheria kwa simu. Hakunipa uhakika, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema aende asubuhi, siku ya kazi, apeleke hati za kipato na kodi ya nyumba, aombe mkalimani kwanza kabla ya neno jingine lolote, na asisubiri Februari na Machi, miezi ambayo mahakama nyingi za Texas huungana kufanya msako wa wenye waranti. Miezi hiyo hiyo ndiyo watu wanarudishiwa pesa za kodi ya mapato. Hilo la kodi ya mapato ni langu, yeye hakulisema.

Nikampelekea Papa maneno hayo kama yalivyo, na pale pasipo na uhakika nikamwambia hapana uhakika.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Nyarugusu tulikuwa tunapanga foleni hata bila kujua wanagawa nini."

Begi dogo

Alikuja amevaa ile suti ya kijivu. Mkononi begi dogo jeusi. Nilidhani ni hati.

Pale kwenye mashine ya ukaguzi askari akamwomba alifungue. Ndani kulikuwa na chupa mbili za dawa ya presha, mswaki, soksi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Alikuwa amejiandaa kubaki. Baadaye nilijua kwamba usiku ule alimwandikia mwanawe namba ya siri ya benki na siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Yule askari alitazama dawa, akatazama suti, akafunga zipu taratibu na kumwelekeza dirishani.

Karani alikuwa dada wa makamo mwenye kucha ndefu za kijani. Nilimwambia huyu mzee ana waranti, amekuja mwenyewe, anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hakushtuka. Alichapa, akauliza jina lipi ni la ukoo, akalirekebisha, akatuambia tukae. Papa aliketi ukingoni mwa benchi na begi mapajani. Kila mlango ulipofunguka alisimama.

Mkalimani alikuja kwa simu ya spika, na kwa matamshi yake nilijua ni wa Kenya. Alianza, "Mzee, wanisikia?" Papa akajibu, "Ndiyo, chef." Nilitaka kumwambia huyo si chef, yaani si mkubwa, lakini hakimu alikuwa ameshaanza.

Alimuuliza anaishi na watu wangapi. Wiki analipwa ngapi. Kodi ya nyumba ngapi. Kuna anayeumwa nyumbani? Anatuma pesa kwa ndugu?

Papa alijibu kila moja kwa kirefu, na lile la ndugu likampeleka hadi Uvira na mafuriko ya huko. Mkalimani akafupisha, hakimu akasema hapana, nataka yote. Tangu asimamishwe barabarani usiku ule, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza habari za pesa zake. Mawakili wa kudai hawakuuliza. Kompyuta haikuuliza.

Waranti zote nne zikaondolewa pale pale. Makosa mawili ya kutofika yakafutwa. Yakabaki ya stika na ya bima, na baada ya gharama za mahakama jumla ikawa dola 600, azifanyie huduma kwa jamii.

Nje, Papa aliniuliza, "Begi nilirudishe?" Nikamwambia turudi nalo nyumbani.

Hesabu za benchi

Wakati tunasubiri zamu, kijana mmoja pembeni yetu alikuwa akipiga hesabu kwa sauti na mwenzake, na sijaweza kuzisahau.

Kwa sheria ya Texas, ukifanya huduma kwa jamii unafutiwa si chini ya dola 100 kwa kila saa nane. Ukikaa jela unafutiwa si chini ya dola 150 kwa siku. Kwa hiyo dola 600 za Papa ni saa 48 za kupanga makopo kwenye ghala la chakula la kanisa, au siku nne za kulala ndani. Yule kijana alisema afadhali alale, aanze Ijumaa jioni amalize, kuliko kutafuta Jumamosi sita za bure wakati ana kazi mbili. Preston Tate kwa bei ya leo angetoka siku ya tatu.

Mtu wa mshahara mzuri akipata tiketi hiyo hiyo anaingia kwenye simu, anabonyeza, anaendelea na chakula chake cha mchana. Hata jina la hakimu halijui. Sheria inaita zote adhabu moja.

Sisemi tiketi zifutwe. Papa aliendesha gari bila bima, na siku angenigonga mimi ningetaka sana kujua nani ananilipa. Mashirika kama Texas Appleseed na Texas Fair Defense Project yamepigania haya miaka mingi, na sheria ya 2017 haikushuka kutoka mbinguni. Linalonisumbua ni kwamba sheria hiyo nzuri iko nyuma ya mlango ambao mtu anaambiwa, kwa herufi nzito, kwamba akiukaribia atakamatwa.

Nilimwambia Papa hivyo. Hakukubali. Yeye anaamini yule hakimu ni mtu wa Mungu, basi. Nikamwambia ni sheria, angekuwa hakimu mwingine angetakiwa kufanya hayo hayo. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Dada, sheria ilikuwa iko hata siku walimkamata mwenzangu."

Mahakama ya pili

Tulipokwenda kufufua leseni tukakuta imezuiwa, na si na mahakama ile. Ni tiketi ya zamani ya kaunti nyingine, ya safari moja ya kwenda Dallas kumzika ndugu. Alikuwa ameisahau kabisa. Texas ina mfumo unaoitwa OmniBase: mahakama ikiripoti kwamba hukufika au hukulipa, dirisha la leseni linakataa kukuhuisha hadi mahakama hiyo hiyo iseme sawa, na unalipa dola 10 za ziada kwa kila kesi. Kila mahakama inasimama peke yake. Kumalizana na moja hakuigusi nyingine, hata kama ziko mwendo wa nusu saa.

Hii ya pili ni mahakama ndogo ya JP, yaani justice of the peace, hakimu wa makosa madogo, chumba kimoja, karani mmoja anayepokea simu asubuhi tu. Mkalimani inabidi uombe mapema kwa maandishi. Kwa hiyo tumeandika barua, ukurasa mmoja, Kiingereza chepesi: jina kwa mipangilio yake yote, namba ya tiketi, anaomba kusikilizwa, anaomba Kiswahili, anaambatisha hati za mshahara na karatasi ya hakimu wa kwanza.

Papa aliisikiliza nikimtafsiria, akaomba niongeze mstari mmoja kabla ya sahihi: kwamba hajajificha, alihama tu, na anwani anayokaa sasa ndiyo hii. Nikauongeza. Tumeituma kwa rejista Jumatatu, risiti iko ndani ya Biblia, na tunangoja tarehe.